Daktari, chembe ya moyo na nyongo vinahusiana nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, maumivu yanamshika chembe ya moyo usiku akishakula. Tumepima altrasaundi wakasema ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Sasa tatizo ni moyo au nyongo? Na kwa nini walimkataza kula kabla ya kipimo?

JIBU: Marahaba. Hilo neno linawatisha wengi mno. Chembe ya moyo siyo moyo, ni pale panapobonyea chini ya mfupa wa kifua mbavu zinapoachana, moyo wenyewe uko juu zaidi, ndani ya kifua. Ukibonyeza pale mkono uko juu ya mfuko wa chakula na kipande cha ini, na kongosho iko nyuma kabisa.

Mfuko wa nyongo ni kitu kidogo tu, kamejibanza chini ya ini upande wa kulia, kazi yake kutunza nyongo inayotengenezwa na ini. Mama akila chapati za mafuta au nyama ya kukaanga, kanajibana kumwaga nyongo kwenye utumbo, jiwe likikaa mlangoni ndo hapo anajikunja, na maumivu anaweza kuyasikia chembe, chini ya mbavu za kulia, hata kwenye bega la kulia. Bega halina kosa lolote hapo.

Kuhusu kula, akila kamfuko kananywea na mawe hayaonekani vizuri. Juzi kuna mama aliniapia hajala kitu, kumbe kanywa chai ya maziwa, "chai si chakula baba", nikamrudisha kesho yake. Wengine wakisikia "kibofu cha nyongo" wanakunywa maji lita nzima wanabana mkojo, hicho cha mkojo ni kibofu kingine jamani, tunakitaka kijae tukiangalia kizazi au tezi dume.

Ila kwa umri wake msidharau, shambulio la moyo nalo huwa linajificha hapo hapo chembe, kwa hiyo muombe na kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Akitoka jasho jingi, akakosa pumzi, akapata homa au macho yakawa ya njano, msisubiri kliniki, mpelekeni emajensi hata kama ni saa nane usiku. Kama hana hayo, mpelekeni kwa daktari wa upasuaji na ile ripoti, na akiulizwa panapouma asiseme tu "chembe ya moyo", aoneshe kwa kidole.