Ndege ya Rangi Tatu Juu ya Ziwa

SWALI: Shikamoo mzee. Nilipakua picha ya setilaiti ya Sentinel-2, zile za bure, nitazame magugu maji kwenye Ziwa Victoria upande wetu wa Mwanza. Nikakuta ndege tatu zimefuatana: ya bluu nyuma, ya kijani katikati, nyekundu mbele. Kaka anasema picha imeharibika, mimi nasema ni msafara. Nani kashinda?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mmeshindwa wote. Ndege ni moja, na picha ni nzima.

Zamani nilikuwa kwenye studio ya picha, Tanga. Lenzi yetu ya bei chee ilikuwa ikiacha ukingo wa zambarau kwenye bega la kanzu nyeupe, maana lenzi hupinda kila rangi kwa kiasi chake. Bwana harusi mmoja aligoma kulipa! Waliobuni Sentinel-2 waliikwepa adha hiyo: darubini yake hukusanya mwanga kwa vioo vitatu vya kuakisi, vya silikoni kabaidi, na kuakisi hakubagui rangi.

Lakini rangi lazima zitenganishwe mahali. Kamera ya setilaiti hiyo ina mikanda 13 ya mwanga, kuanzia bluu hadi ile infraredi tusiyoiona. Juu ya vihisi, yaani vipande vinavyopokea mwanga, vimelazwa vichujio vyembamba kama vibanzi, kimoja nyuma ya mwenzake. Setilaiti nayo haipigi picha kwa mkupuo kama kamera yangu. Inafagia ardhi mstari kwa mstari ikiwa kilomita 786 juu, na ufagio wenyewe una upana wa kilomita 290. Ndege yako ilionwa kwanza na kibanzi cha bluu, kisha kijani, kisha chekundu. Toka bluu hadi nyekundu ni kama sekunde moja.

Sekunde moja magugu hayaendi popote. Ndege ya abiria ikishashika kasi hukata mita 200 na zaidi, na nukta moja ya picha ya rangi hizo ni mita 10. Hesabu mwenyewe. Tena programu inayounganisha picha huzipanga rangi zilingane kwa kufuata ardhi, kwa hiyo chochote kilicho juu rangi zake hupishana kidogo hata kikitulia. Tazama kingo za mawingu kwenye picha hiyo hiyo.

Vihisi viko 12, vimepangwa safu mbili kwa kupishana kama matofali, na safu moja huona rangi kwa mpangilio wa kinyume. Kwa hiyo ukikuta ndege nyingine yenye bluu mbele, usimwite kaka yako kubishana upya.