Jembe limebaki, daftari limepotea

SWALI: Shule yetu ya msingi ina shamba la robo ekari. Mwalimu mkuu anasema watoto wanalima kwa sababu ya Elimu ya Kujitegemea. Wazazi wanasema watoto wamegeuzwa vibarua. Falsafa ile ya 1967 ina nafasi gani shuleni leo, na shamba tuliendesheje?
Mjumbe wa kamati ya shule, Morogoro

JIBU: Nafasi ipo, ndugu mjumbe, na wazazi nao wana hoja. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, hakutaka watoto washike jembe tu. Alitaka washiriki kupanga, waonje faida na hasara ya mipango yao, na hesabu za shamba ziwekwe sawasawa. Shule nyingi zilishika jembe, daftari zikaliacha. Kibaya zaidi, shamba likawa adhabu ya waliochelewa mstarini. Hilo likomesheni kwanza, maana mtoto aliyelimishwa kwa kosa hajifunzi kilimo, anajifunza kukichukia.

Tengeni vipindi viwili kwa wiki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwalimu ataje somo linalofundishwa shambani siku hiyo. Kama hakuna somo, msiende.

Robo ekari ni takriban mita za mraba 1,012. Mahindi yakipandwa sentimeta 75 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina, kila shina linachukua mita za mraba 0.225, yaani mashina kama 4,500. Msiwape jibu hilo. Darasa la sita wapime kwa kamba, wakokotoe, waseme wenyewe mbegu kiasi gani inunuliwe. Tunaona mara nyingi mwalimu ananunua mbegu, anachora mistari, watoto wanafukia tu. Hapo akili yote imebaki kwa mwalimu.

Kwa sayansi, andaeni matuta manne ya mchicha, kila moja mita 1 kwa 5. Mawili yapate debe moja moja la samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza miche), mawili yasipate. Mbegu, siku ya kusia na maji viwe sawa. Yapangeni kwa kupokezana: lenye samadi, lisilo nayo, lenye samadi, lisilo nayo. Mkiyaweka yenye samadi yote upande wa bondeni, hamtajua kama kilichostawisha mchicha ni samadi au unyevu. Baada ya wiki tatu hadi nne, vuneni siku moja na mpime kwa mizani.

Daftari la shamba liandikwe na wanafunzi kwa zamu: tarehe, kazi, idadi ya watoto na saa walizofanya, gharama, mavuno, mauzo. Lisomwe mstarini kila mwisho wa mwezi. Fedha ikipatikana, watoto watoe maoni kama iende kwenye uji au madaftari, kisha kamati isaini. Mavuno yakiishia majumbani kwa walimu hata mara moja, mmepoteza imani ya wazazi. Mkiwaita kikaoni, waonyesheni daftari hilo pamoja na hesabu za eneo walizokokotoa watoto. Wazazi wanaouhofia mtihani wa darasa la saba wataona kwamba muda wa masomo haukuibwa.

SWALI: Shule yetu iko katikati ya jiji, haina ardhi. Tufanyeje?
Mwalimu, Dar es Salaam

JIBU: Elimu ya Kujitegemea inataka kazi yenye manufaa ya kweli kwa shule, na si lazima iwe kulima. Kazi yenu inaweza kuwa maji. Watoto wasome mita kila asubuhi na jioni, waandike. Bomba linalodondosha liwekeeni kopo kwa dakika 10, mpime mililita, mzidishe kwa 144 mpate upotevu wa siku nzima. Wageuze mililita hizo kuwa kipimo kinachotumika kwenye ankara yenu, wazidishe kwa bei yake, kisha walinganishe na bei ya washa (kimpira cha bomba) dukani. Wao ndio wapeleke hesabu hiyo kwa mwalimu mkuu, na bomba likishatengenezwa wapime tena.