Kabla Hujanunua Rangi, Soma Mita ya Maji

Nyumba tunayoishi hapa Buruburu, Nairobi, ni ya wazazi wangu, na mabomba yake mengi ni yale ya chuma yaliyowekwa ilipojengwa miaka ya 1970. Ukuta wa kando ya ngazi ulipotoa doa la rangi ya chai, nilikwangua, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Baada ya wiki sita doa likarudi, safari hii na unga mweupe juu yake. Nikanunua rangi ya bei zaidi, ile muuzaji aliyoniapia kuwa inazuia unyevu. Ikavimba kama chapati, ikabanduka.

Jirani yetu mmoja mzee, aliyefanya kazi ya mabomba tangu ujana wake, alipita kutusalimu akanikuta na burashi mkononi. Alitazama ukuta kwa muda, kisha akauliza, "Binti yangu, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Ilikuwa mwisho wa Januari. Mtaa mzima ulikuwa vumbi tupu. Maji yale hayakuwa yakitoka kwenye paa, na mimi nilikuwa nimepanga kubadilisha vigae.

Tangu siku hiyo sishiki nyundo kabla sijajua maji yanatoka wapi. Kama nyumba yako ina mita yake, njia ni hii. Usiku watu wakishalala, funga mifereji yote, hakikisha tangi limejaa na boya limefunga, kisha soma mita. Andika tarakimu zote, hata zile ndogo za mwisho. Alfajiri, kabla mtu hajanawa uso wala kuvuta choo, soma tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapotelea. Yetu ilikuwa imesogea lita 40 na ushee. Fanya hivyo siku ambayo maji yapo, maana siku ya mgao mita hulala tu hata bomba likiwa limepasuka. Pia kiondoe choo kwenye mashaka mapema: tia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi lake, na ikijitokeza ndani ya bakuli bila mtu kuvuta, basi mwizi ni huyo.

Ukiwa kwenye ghorofa la kukodi na mita ni ya wote, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya doa, uzibe kingo zote kwa tepu, ukiache siku mbili. Umande ukitokea upande ulioshikana na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Ukitokea upande wa nje, huo ni mvuke wa jikoni au bafuni, na dawa yake ni kufungua madirisha. Na mpangaji, tafadhali mwambie mwenye nyumba kabla hujapasua chochote, tena kwa maandishi.

Upande wa pili wa ukuta wetu kuna bafu. Nilifunga vali kuu, nikavaa miwani, nikaanza kupasua plasta kwa tindo, juu kidogo ya doa, kwa sababu maji hushuka. Nilipolifikia bomba nikafungua vali kidogo tu. Kona ilikuwa imeliwa na kutu. Tone moja likajikusanya, likaning'inia, likaanguka, jingine likaanza.

Hapo niliweka tindo chini, nikamwita fundi. Mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayotumika siku hizi, huungwa kwa mashine inayochemka hadi nyuzi 260, na kununua mashine kwa ajili ya kona moja ni kupoteza pesa. Alikata kipande kibovu, akaunga kipya. Nilimlipa kazi hiyo tu. Kupasua na kuziba kulikuwa kwangu.

Plasta niliichanganya sehemu 1 ya simiti kwa 4 za mchanga. Shika mchanga kwanza: ukikuachia tope kiganjani, haufai. Lowesha ukuta kabla ya kupaka, kisha unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, la sivyo plasta itapasuka. Ule unga mweupe ni chumvi. Ufagie ukiwa mkavu, usiuoshe, kwa kuwa maji huuyeyusha na kuurudisha ndani. Baada ya hapo, subiri. Nilikaa wiki nne na ukuta wenye kiraka cha kijivu mbele ya wageni, na sijutii hata siku moja, kwa sababu rangi ya mwanzo ilibanduka kwa haraka yangu mwenyewe.

Mfereji unaovuja ni kazi ndogo, mara nyingi ni washa ya mpira ya shilingi chache. Kinachoiua mapema ni mchanga unaokuja na maji baada ya mgao. Yakirudi, fungua kwanza mfereji wa nje mpaka yatakate.

Stima ni habari nyingine, na hapa nakuomba unisikilize. Heta ya bafu ya papo hapo ya wati 5,000, kwenye umeme wetu wa volti 240, huvuta zaidi ya ampea 20. Plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Nimeona heta imechomekwa kwenye soketi ya birika, waya umelainika kama mshumaa, na bafuni humo watoto wanaoga. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, hata kama utaoga maji ya karai mwezi mzima.

Kabla ya kuziba ukuta wetu, nilisimamisha futi kando ya bomba jipya nikapiga picha. Mwezi wa nane mwanangu alitaka kutundika kioo bafuni, na msumari alikuwa ameshauelekeza pale pale. Nilitafuta picha kwenye simu, tukapima pamoja, akausogeza shubiri moja kushoto.