Ukuta wa mawe mbele ya kiwanja cha Kunduchi

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba bahari inamega kiwanja chako cha Kunduchi, Dar es Salaam, na unauliza kama ujenge ukuta wa mawe. Ushauri wangu ni kwamba usianze na ukuta.

Mchanga wa ufuo ule hautulii mahali pamoja: wakati wa upepo wa kusi mawimbi huusukuma kuelekea kaskazini, na wakati wa upepo wa kaskazi sehemu yake hurudishwa kusini. Sehemu ya mchanga huo huletwa na mito midogo kama Tegeta na Mbezi, ambako kwa miaka mingi watu wamechimba mchanga wa ujenzi. Kinachochimbwa mtoni hakifiki ufukweni, na bahari hulipiza kwa kula ardhi. Ukuta wima hauongezi hata chembe ya mchanga, bali hurudisha nguvu ya wimbi chini, ambako huchimba msingi wake wenyewe, na kwenye ncha zake, yaani kwa jirani. Kuta za mawe zinazoingia baharini hunasa mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Ugomvi wa majirani huanzia hapo.

Kabla ya kutumia fedha, pima umbali wa nyumba kutoka maji makuu, yaani mahali maji yanapofika bahari inapojaa kabisa, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kisha uwaone NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, pamoja na majirani wako, kwa sababu kinga ya kiwanja kimoja mara chache hudumu. Mimea inayoshika mchanga juu ya ufuo usiifyeke.