Kupunguza Picha Mia Nne kwa Mkupuo Mmoja Bila Kujutia

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha za harusi, niliziharibu picha 412 za harusi moja ya Tanga, tena si kwa kuzifuta bali kwa kuzipunguza ukubwa. Bwana harusi alizitaka haraka kwenye simu, nami nikaiamuru programu ya ImageMagick izipunguze zote kwa mkupuo hadi upana wa pikseli 800. Sikujua kwamba amri yake ya mogrify, isipoelekezwa folda nyingine kwa kigezo cha -path, huandika picha mpya juu ya ile ya zamani. Kadi ya kamera nilikwisha kuifuta kwa ajili ya shughuli ya kesho yake. Familia ilipoagiza picha kubwa ya ukutani, sikuwa na la kuwapa ila kuomba radhi, kwa kuwa picha ya pikseli 800 ikichapwa kwa nukta 150 kwa inchi haifiki hata sentimita 14.

Tangu hapo, kabla sijafungua programu yoyote, hunakili picha zote kwenye diski ya nje, kisha huunda folda tupu ya kupokea zile ndogo.

Kosa langu la pili lilikuwa kutaja upana badala ya upande mrefu. Kamera yangu hutoa picha za pikseli 6000 kwa 4000. Ukiagiza upana wa 1600, picha ya mlalo hupata kimo cha 1067, lakini ya wima hupata 2400, yaani huwa na pikseli zaidi ya maradufu, na wateja hushangaa kwa nini baadhi ya picha zinachelewa kufunguka. Siku hizi natumia IrfanView, programu ya picha ya Windows: nabonyeza herufi B kufungua dirisha la kushughulikia picha nyingi kwa mkupuo, nafungua mipangilio ya ziada, nachagua upande mrefu uwe 1600, nahakikisha uwiano wa pande unahifadhiwa (la sivyo bibi harusi atanenepa ghafla, na hilo halisameheki), kisha nakataza picha ndogo zisikuzwe. Ubora wa JPEG, aina ya faili ninalohifadhia picha, nauweka kati ya 80 na 85 kwa 100.

Ukiamua kuondoa taarifa za Exif, yaani maelezo ambayo kamera huyaficha ndani ya faili la picha, ili mahali pa shughuli pasijulikane, iambie programu izungushe picha kwanza, maana mwelekeo wa picha umehifadhiwa humo humo, na bila taarifa hizo picha za wima zitalala ubavu.

Usianze na mia nne. Jaribu tano, za wima na za mlalo, na mojawapo iwe ya usiku, kisha zitume kwenye simu yako mwenyewe uzikague. Kwenye WhatsApp zitume kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa tena.