Jibu: Nimesimamishwa masomo ya uuguzi, nitafute wakili?

Pole sana mdogo wangu. Umesema kamati ya nidhamu imekuita Alhamisi, eti ulitia sahihi chati ya dawa ilhali mgonjwa hakupewa dozi, na barua inataja tu "utovu wa nidhamu". Anzia hapo hapo. Hapa Kenya, kifungu cha 47 cha Katiba na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza vinakupa haki ya kuelezwa shtaka, kuona ushahidi, kusikilizwa na kupewa sababu kwa maandishi. Waandikie leo uombe nakala ya ripoti ya sista wa zamu. Barua iwe nakala mbili, yako ipigwe muhuri.

Mimi niliwahi kuandika "naomba msamaha" kwenye maelezo nikidhani nitahurumiwa. Kamati ikasoma kwamba nimekiri. Andika yaliyotokea, saa kwa saa, basi.

Wakili mtafute, ila usikimbilie kortini: jaji atauliza kwanza kama umekata rufaa chuoni. Huna pesa? Jaribu Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ya serikali. Kanuni za chuo zikimzuia wakili kuingia nawe kwenye kikao, akiipitia barua yako kabla hujaituma ni msaada mkubwa.

Na ile picha ya chati uliyopiga kwa simu, tafadhali usiitume popote, hata hapa. Ina jina la mgonjwa. Watakuongezea shtaka la pili.