Matufaha ya kuoka yamejaa maji, na mdalasini haukolei

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Mama yangu ana kisukari na anapenda kitu kitamu kidogo baada ya chakula, kwa hiyo nimekuwa nikimwokea matufaha kwa mdalasini. Maelekezo niliyonayo yanataka kikombe kizima cha sukari kwa kilo moja ya matufaha. Mimi naweka vijiko viwili tu. Nakata vipande vyembamba, napanga kwenye bakuli la kuokea, nanyunyiza mdalasini juu, natandaza oti na siagi, nafunika kwa foili na kuoka dakika 40 kwa nyuzijoto 180. Kila mara yanatoka yanaelea kwenye maji, oti imelowa, na mdalasini umekuwa kama matope yanayokereketa koo. Je, ni kwa sababu nimepunguza sukari? Na kweli chakula hiki kinamfaa mama?

JIBU: Nzuri, na pole kwa hayo matope. Sukari usiirudishe. Kosa kubwa ni hiyo foili, la pili ni bakuli lenyewe, na mdalasini una kesi yake peke yake.

Tuanze na maji. Tufaha ni maji kwa kiasi cha asilimia 85 hivi. Ukitia kilo moja ya matufaha kwenye oveni, umetia humo karibu gramu 850 za maji yaliyofungiwa ndani ya seli za tunda. Joto likishaingia, kuta za seli hulegea na maji hutoka. Hilo halizuiliki, na wala hatutaki lizuilike, maana ndilo linalolainisha tunda. La kujiuliza ni maji hayo yakitoka yanakwenda wapi. Kwako wewe yanapanda kama mvuke, yanagonga foili, yanageuka matone na kurudi chini. Hapo huoki tena. Unapika kwa mvuke. Tena kitu kikiwa bado kimelowa, uso wake haupandi sana juu ya nyuzi 100 hata kama oveni inasoma 180. Ndiyo maana matufaha yako yanabaki meupe na chapwa, na oti haikauki.

Dhana yako kuhusu sukari ina ukweli nusu. Sukari nyingi huvuta maji kutoka kwenye tunda, kwa hiyo kile kikombe kizima kingetoa maji mengi na mapema zaidi. Ila kingeyageuza kuwa shira nzito, na wewe ungeona umefanikiwa. Ukipunguza sukari, lazima kitu kingine kifanye kazi hiyo ya kuyafanya maji yawe mazito. Mimi huwa nauachia mvuke: nayatoa maji kabisa, utamu wa tunda lenyewe unabaki umejikusanya.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua trei pana badala ya bakuli, matunda yakae kwa kina cha sentimita tatu, nne zikizidi. Kilo moja ya matufaha magumu yenye uchachu, kama Granny Smith, yatoe mbegu na uyakate vipande vinene kama kidole gumba. Vipande vyembamba husambaratika kabla maji hayajakauka. Ganda usimenye, nyuzinyuzi nyingi za tufaha ziko huko, na ndilo linaloshikilia kipande kisivunjike. Kamulia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau. Asidi huzuia vipande kugeuka kahawia, na huchelewesha kuyeyuka kwa pektini, ile gundi inayoshikamanisha seli za tunda. Tia na chumvi, ncha ya kijiko tu. Wengi huiruka, nami naiona ya lazima: bila chumvi, tunda la sukari kidogo huonja kama dawa.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 190 kabla trei haijaingia. Oka wazi, bila kufunika, dakika 35 hadi 45, ugeuze vipande mara moja katikati. Usiende kwa saa peke yake, tazama mapovu. Mwanzoni ni madogo na ya haraka, kama maji yanayochemka. Majimaji yakishakuwa mazito, mapovu yanakuwa makubwa, yanapanda polepole na kupasuka kwa uvivu pembezoni mwa trei. Chomeka kisu kwenye kipande: kiingie bila kusukumwa, lakini kipande kisichanike. Hapo toa, na acha yatulie dakika 15. Majimaji huzidi kuwa mazito yakipoa, kwa hiyo usihukumu trei iliyotoka motoni sasa hivi.

Ukipata matunda laini zaidi, kama pichi au peasi zilizoiva sana, maji yatakushinda. Hapo changanya kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi na vipande kabla ya kuoka. Wanga haufanyi majimaji yawe mazito vizuri mpaka ukaribie kuchemka, kwa hiyo subiri mapovu yafike katikati ya trei, si pembeni tu.

Sasa viungo, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza ladha bila kujua. Mdalasini wa unga ni gome la mti lililosagwa. Hauyeyuki. Ukiunyunyiza juu ya kitu chenye maji, unanyonya maji, unavimba na kuteleza kama mrenda. Ndiyo yale matope yako. Harufu yake imo ndani ya mafuta yaliyomo kwenye gome, na mafuta hutolewa na mafuta. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha siagi kwenye sufuria ndogo kwa moto mdogo kabisa, tia kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi ya unga na robo kijiko cha iliki iliyopondwa sasa hivi. Koroga kwa sekunde 30. Utasikia harufu ikifunguka ghafla, ijae jikoni. Hapo hapo ipua, maana sekunde 30 nyingine viungo vitaungua na kuwa vichungu. Mimina juu ya matufaha, changanya kwa mikono mpaka kila kipande king'ae, ndipo uingize kwenye oveni.

Karafuu iogope. Kiungo chake kikuu ni yujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino linalouma. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kutia kijiko kizima cha chai cha karafuu ya unga kwenye trei moja, nikidhani viungo vyote vinapimwa sawa. Hakuna aliyemaliza kipande cha pili. Ulimi ulikufa ganzi na tunda halikuonjeka kabisa. Ya unga, chukua ile inayokaa kwenye ncha ya kisu, basi. Kungumanga nayo vivyo hivyo: ikune mwishoni, mikwaruzo mitatu minne, juu ya matunda yaliyokwisha iva. Kwa wingi kungumanga ina sumu, si jambo la ladha tu.

Na kwa mgonjwa wa kisukari viungo hivi si pambo. Pua imezoea kukutana na mdalasini, iliki na vanila pamoja na vitu vitamu, kwa hiyo harufu yake pekee huufanya ulimi uhisi utamu zaidi ya uliopo. Ndiyo maana nakazania viungo vitoe harufu yake yote kabla ya wewe kufikiria kuongeza sukari.

Oti ioke peke yake. Gramu 100 za oti, gramu 50 za lozi au korosho zilizokatwakatwa, gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa na kijiko kimoja cha sukari. Tandaza kwenye trei nyingine, nyuzi 160, dakika 15 hadi 20, ukigeuza mara mbili. Ikipoa itakauka na kuvunjika mdomoni. Inyunyize juu ya matunda wakati wa kula, si kabla.

Kuhusu mama. Uamuzi wako wa kupunguza sukari ulikuwa sahihi kabisa. Kikombe kimoja ni takriban gramu 200. Wakila watu sita, kila mmoja amemeza gramu 33 za sukari ya kuongezwa kwa mlo mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2000, na unasema ikishuka nusu ya hapo ni bora zaidi. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo kubadilisha sukari kwa asali hakumwondolei mama mzigo. Hata hivyo tunda lenyewe lina sukari yake, na oti ni wanga. Mpimie kiasi kinacholingana na tufaha moja na oti vijiko viwili, aile kama sehemu ya mlo, na kiasi hicho kiingie kwenye mpango aliopewa na daktari wake.

Lipo jambo moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha ikiwa mama atakula mdalasini kila siku. Mdalasini uko wa aina kuu mbili. Ule unaoitwa kasia una kwa wingi kumarini, kemikali ya asili ya gome hilo, na kumarini ikizidi hudhuru ini la baadhi ya watu; Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mdalasini wa Sri Lanka unayo kidogo mno. Ukiwa unga huwezi kuitofautisha kwa macho, basi nunua vijiti usage mwenyewe. Kijiti cha kasia ni gome moja nene, gumu kama ubao, limejikunja pande mbili. Cha Sri Lanka ni matabaka mengi membamba kama karatasi yaliyoviringishwa pamoja, na ukikibana kwa vidole kinavunjika.

Yakibaki, yahifadhi kwenye friji kwa siku tatu au nne, oti ikiwa kwenye chombo chake kikavu. Yapashe moto kabla hujampa mama. Chakula cha baridi utamu wake hufifia ulimini, na hapo ndipo mkono huenda kwenye kopo la sukari bila sababu.